Kabaila wa Bruges na Kodi ya Bia

Ukiusoma wasifu wa Louis wa Gruuthuse kwa haraka, utadhani ni mtu aliyefinyangwa na bwana wake. Alianza kama mnyweshaji wa Philip Mwema, dyuki wa Burgundy. Mwaka 1461 aliingizwa katika kundi la wapanda farasi wa Ngozi ya Dhahabu, heshima waliyopewa wachache mno, na baadaye akawa liwali wa majimbo ya Holland na Zeeland hadi 1477. Vyeo vyote hivyo vilitoka mkono mmoja. Lakini ukichunguza riziki ya ukoo wake ilitoka wapi, na alioa kwa nani, picha inageuka: dyuki alimpa Louis vyeo kwa sababu tayari alikuwa na kitu ambacho dyuki mwenyewe hakuwa nacho, nacho ni kukubalika mjini.

Ukoo wa Gruuthuse ulitajirika kwa bia. Kabla hopsi haijaenea, watengenezaji bia wa Bruges walitia mchanganyiko wa mitishamba uitwao gruut, na haki ya biashara hiyo ilikuwa ya ukoo huu. Hopsi ilipoingia na mitishamba ikakosa soko, haki haikufa. Iligeuzwa kuwa kodi juu ya bia yenyewe. Kwa hiyo kila kikombe kilichonyweka mjini kilimwachia Louis chochote, na maisha yake yalifungamana na ya mafundi na wafanyabiashara kuliko ya makabaila wengi waliokaa mashambani. Ghent ilipomwasi dyuki katika miaka ya 1450, Louis ndiye aliyekabidhiwa Bruges, na Bruges haikujiunga na uasi. Ndoa nayo ilimfungulia njia ya pili. Mwaka 1455 alimwoa Margaretha van Borselen, binti wa ukoo mkubwa wa Zeeland wenye meli na bandari, ambaye kaka yake, Wolfert, alikuwa amemwoa binti wa mfalme wa Scotland. Mtu mwenye wakwe kama hao akipewa uliwali wa Zeeland, haendi ugenini.

Thamani ya nafasi hiyo ilionekana Oktoba 1470, mfalme Edward IV wa Uingereza alipofukuzwa nchini mwake na kutua pwani ya Holland bila fedha. Nahodha aliyemvusha alilipwa joho lililotiwa manyoya. Dyuki wa wakati huo, Charles, alikuwa shemeji yake Edward, lakini mwanzoni alisita kumpokea hadharani kwa kuwaogopa watawala wapya wa London. Louis hakusita. Alimpokea, akamlinda, akamkaribisha katika nyumba yake ya Bruges, mpaka Edward alipopanda meli mwezi Machi 1471 kwenda kukitwaa tena kiti chake. Mwaka uliofuata Louis alialikwa Windsor. Alitayarishiwa vyumba vilivyotandazwa hariri nyeupe, mabafu mawili yaliyofunikwa kwa mahema ya kitambaa cheupe, na baada ya kuoga akaletewa tangawizi mbichi, sharubati na mvinyo wenye viungo. Katika ziara hiyohiyo alipewa pia cheo cha Earl wa Winchester. Hesabu ya ukarimu, kwa kabaila aliyejua kuhesabu, ililipa vizuri.

Atatokea wa kupinga: bila dyuki, haya yote yangewezekana? Hoja ina uzito, maana uliwali ulikuwa wa kuteuliwa. Lakini tuangalie yaliyofuata. Januari 1477 Charles aliuawa vitani Nancy. Louis aliupoteza uliwali, lakini hakupoteza nafasi; alibaki mmoja wa watu wa karibu wa Mary, binti wa marehemu. Mary alipofariki mwaka 1482 kwa kuanguka farasini, miji ya Flanders ilikataa kumwachia mumewe, Maximilian, ulezi wa mtoto wao, na Louis akawa upande wa miji. Maximilian alimtia kizuizini. Mtu aliyeishi kwa hisani ya ikulu tu asingethubutu kuchagua upande huo, wala Maximilian asingehitaji kumfungia.

Wengine husema utajiri wake ulimalizikia kwenye anasa, wakitaja vitabu. Ni kweli alikusanya maktaba ambayo katika nchi zile ilizidiwa na ile ya madyuki peke yao, akaagiza nakala za mkono zilizochorwa kwa rangi na dhahabu hata baada ya uchapaji kuingia Bruges. Lakini kitabu cha namna hiyo kilikuwa kauli: mwenye nyumba hii analingana na watawala. Wapo waliolielewa hilo vizuri. Baada ya Louis kufariki mwaka 1492, mwanawe Jan alikuwa upande wa Ufaransa, na sehemu kubwa ya vitabu ikaishia kwa mfalme Louis XII. Wachoraji wa mfalme walipaka nembo ya Ufaransa juu ya ile ya Gruuthuse, ukurasa kwa ukurasa, wakasahau hapa na pale mzinga mdogo uliochorwa pembeni, alama ya Louis mwenyewe. Vingi sasa vimo katika Maktaba ya Taifa mjini Paris, na wataalamu huvitambua kwa mzinga huo.