Olusia si uchawi, lakini pia si muujiza

Wasee, leo sina mpira wala siasa. Leo nawaletea historia ya jani.

Kama umekulia Migori ama Homa Bay, unalijua hata kama jina limekutoka. Olusia. Ule mti mfupi wa kwenye ua wa boma, maua madogo meupe, majani machungu mpaka ukigusisha ulimi tu uso unajikunja. Waluhya wanauita musululitsa, Waganda mululuza, na kwa vitabu vya sayansi ni Vernonia amygdalina. Kule Nigeria wanayaosha majani uchungu upungue, halafu wanapika mchuzi.

Mbona naiongelea? Juu mwaka huu binamu yangu wa Awendo alishikwa na homa. Badala ya kwenda kupimwa, alinunua mtandaoni unga wa kijani, umeandikwa unatibu malaria, sukari, presha na nuksi. Nuksi pia! Akanywa siku tatu. Siku ya nne alibebwa na bodaboda, katikati ya watu wawili, akiwa hajui hata jina lake. Ilikuwa malaria. Alilazwa siku sita, amepona, Mungu ni mwema.

Lakini nyumbani tuligawanyika. Wajomba wanasema hizo dawa za kienyeji ni uchawi, zitupwe. Vijana wanasema dawa ni poa, ni vile wazungu hawataki tujue. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kuwapigia kelele nayo, lakini nimesoma hii story sana na naona pande zote mbili zimepotea.

Anza na lugha. Kwa Dholuo, yath ni mti. Yath pia ni dawa. Na yath pia ni kile kitu mtu mbaya anaweza kukutegea njiani. Neno moja, kazi tatu. Usicheke, hata Kiswahili kiko hivyo: dawa ya kikohozi na dawa ya mapenzi zote ni dawa. Wazee wetu hawakuchanganyikiwa. Walijua mmea una nguvu, na nguvu inategemea nani ameushika na anautumia aje.

Mtu maarufu zaidi wa hiyo nguvu alitoka Kanyamwa, Ndhiwa, hapo Homa Bay. Gor Mahia. Ndio, timu iliyoanzishwa 1968 iliitwa jina lake. Alikuwa kiongozi na mganga, na mpaka leo watu wanasimulia vile alikuwa anajigeuza, adui akimtafuta anapata mtu mwingine kabisa. Mahia maana yake maajabu. Lakini mganga wa aina yake, ajuoga, hakuwa sawa na jajuok, yule mchawi wa usiku. Ajuoga ndiye ulikuwa unamkimbilia jajuok akikusumbua.

Wakoloni hawakuwa na wakati wa kutofautisha. Mwaka 1925 serikali ya Kenya ilileta sheria ya uchawi, na iko kwa vitabu mpaka leo. Ajuoga akaitwa mchawi kwa Kiingereza, na wamisionari wengi wakamweka upande wa giza pamoja na kibuyu chake. Hapo ndipo shosho aliyejua jani la tumbo alianza kulichuma akiangalia nyuma.

Sasa nipeleke Tanzania kidogo, kwa sababu mti ni huo huo. Novemba 1987, milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtafiti Michael Huffman alikuwa porini na Mohamedi Seifu Kalunde, mfanyakazi wa hifadhi ambaye pia alikuwa mganga wa Kitongwe. Wanamfuata sokwe mtu jike anaitwa Chausiku. Mgonjwa, mchovu, analala mchana. Chausiku akavunja tawi, akatupa majani, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya ule maji mchungu. Kalunde akaujua hapo hapo: mjonso, dawa ya tumbo kwao. Olusia yetu! Kesho yake Chausiku alikuwa amechangamka. Mwaka 1989 wawili hao walichapisha utafiti pamoja, jina la mganga likiwa kwa karatasi kama la mtafiti. Baadaye, 1991, sokwe mwingine alitafuna mti huo, na mayai ya minyoo kwa kinyesi chake yakashuka kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu, ndani ya saa 20.

Kwa hivyo wajomba, si uchawi. Lakini vijana, angalieni vizuri: ni minyoo. Ni kiini, si majani. Na sokwe hao hawali huo mti kila siku kama ugali.

Tumeshawahi kulipia kosa la kusahau mipaka. Ukimwi ulipofika kwetu, watu walikonda, na wengi wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Dawa ya chira ni manyasi, na familia nyingi zilikunywa manyasi huku zikizika. Manyasi yaliwekewa watu kurudisha amani ya boma. Hayakujua virusi. Waliobaki waliokolewa na vidonge, na hakuna aibu kusema hivyo.

Dani wangu wa Ndhiwa hakusoma. Nikiwa na miaka minane tumbo liliniuma, akanichemshia olusia, kikombe kidogo cha chai. Nililia kwa uchungu. Halafu akasema kitu nimekielewa juzi tu: "Jua likitua na mwili bado ni moto, tunaenda hospitali. Hii ni ya tumbo." Hiyo sentensi ndiyo dawa yenyewe. Unga wa mtandaoni ulibeba jani ukaacha sentensi.

Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea, aliandika kitabu cha dawa za mimea Afrika Mashariki mwaka 1976, na 1998 akatoa na Timothy Johns kamusi ya majina ya viumbe kwa Dholuo. Lakini kitabu hakiwezi kumuuliza dani wako. Wewe unaweza. Mpigie wikendi hii, muulize matatu: ni jani gani, ni la nini, na ni wakati gani unaacha kulitumia. Hilo la tatu ndilo la maana.

Na ukiwa na homa, kapime malaria kwanza. Olusia itakungoja kwa ua, haiendi popote.