Merikani: Neno Lililovaliwa

Neno la Kiingereza "American" lilishuka Unguja juu ya majora ya nguo. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem walileta kitambaa cheupe cha pamba, wakachukua pembe za ndovu na sandarusi. Hapa kikaitwa merikani. Kwenye misafara ya bara merikani ikawa fedha. Mwilini mwa mtumwa ikawa alama ya utumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria 1897, wanawake wengi walishaanza kuiacha, wakajifunga kanga. Basi nadai hivi: mhakiki akikuta "merikani" katika maandishi ya zama zile, kamusi pekee haimtoshi. Aulize kwanza, nani kaivaa?