Nani Aliandika Jina Kwenye Kona ya Picha?

Wasee, mwaka jana nilikuwa kwa matatu naingia Kitui mjini, nikaona picha yangu kwenye bango. Si picha yangu ya sura, hapana. Picha niliyoipiga mimi, ya susu mmoja anasuka kiondo chini ya mwembe huko upande wa Nzambani. (Ndiyo, ile Nzambani ya jiwe. Na hapana, sijalizunguka mara saba, nimeridhika na nilivyozaliwa.) Niliiweka mtandaoni na jina langu kona ya chini kulia. Wenye bango walikata tu hiyo kona. Nilipoenda kuuliza, jamaa akanijibu bila hata kuinua macho: "Tuliitoa kwa intaneti."

Nilikasirika wiki nzima. Lakini mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma, kwa hivyo nikaanza kutafuta hii tabia ya kuweka jina kwa picha ilitoka wapi. Imenipeleka mbali, na imenirudisha na aibu kidogo.

Alama ya maji haikuanza na picha. Ilianza na karatasi, mji wa Fabriano, Italia, karne ya 13. Fundi alikuwa anachota uji wa matambara yaliyopondwa kwa ungo wa waya. Akishonea juu ya ungo kipande cha waya kilichokunjwa umbo fulani, uji unakuwa mwembamba pale, na karatasi ikikauka, ukiiinua kwa mwanga umbo linatokea. Toa noti mfukoni saa hii uiinue dirishani, utaona kichwa cha simba. Simba wetu anatumia ujanja unaokaribia sana ule wa Fabriano. Na ujanja wenyewe ni huu: alama iko ndani ya karatasi, haiko juu yake. Ukitaka kuitoa, lazima uharibu karatasi. Shika hiyo pointi, nitairudia.

Sasa tuje Makueni. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Katikati hapo imekatiza nyumbani kabisa: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Kulikuwa na mpiga picha aliyefanyia kazi hiyo reli, William D. Young, ambaye baadaye alikuwa na studio yake Nairobi. Ukitafuta picha za zamani za hiyo reli utakutana na jina lake kwa herufi nyeupe pale chini, limeandikwa ndani ya picha yenyewe.

Iliwezekanaje bila kompyuta? Wakati huo negativu ilikuwa kipande cha kioo. Ukiandika juu yake kwa wino mzito, wino unazuia mwanga, kwa hivyo ukisafisha picha maandishi yanatokea meupe. Na upande wa dawa ilibidi uandike kinyumenyume, kama unavyojiona kwa kioo, ndiyo yasomeke sawa kwenye karatasi. Fikiria umekosea herufi moja. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma, mazee. Lakini ukishapatia, kila nakala inayotoka kwa hicho kioo inabeba jina lako.

Nilizitazama hizo picha muda mrefu. Vibarua kutoka India wamebeba vyuma, Waafrika wamesimama kando ya njia, wengine wanaangalia kamera moja kwa moja. Jina la Young liko. Ya hao wengine nilitafuta chini, juu, nyuma. Mara nyingi maelezo yanakwambia tu kabila, au "vibarua". Miaka zaidi ya 120 baadaye, msee wa Kibwezi anaweza kuwa anamwangalia babu ya babu yake kwa simu na asijue.

Na si picha tu. Shuleni tulifundishwa kwamba Ludwig Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, Desemba 1849. Aliuonea wapi? Kitui. Nani alimwambia kuhusu huo mlima? Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyeongoza misafara hadi pwani, na ambaye Krapf alikuwa mgeni wake. Wakamba walikuwa na jina lao la mlima, na wengi wanasema jina la nchi yetu linatokana na hilo. Kichekesho ni kwamba wasomi wa Ulaya walimkatalia Krapf, eti theluji kwenye ikweta haiwezekani, mpaka Joseph Thomson alipopita mwaka wa 1883. Yaani jamaa alikosa picha ya ushahidi. Lakini hata yeye aliyekataliwa amebaki kwenye kitabu cha shule, na Kivoi ni mstari mmoja, ukibahatika.

Hapo jirani Machakos, Wamunyu, mambo ni yale yale. Mutisya Munge alirudi na ufundi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akafundisha wenzake, na twiga wa mbao wakajaa maduka ya watalii. Geuza mmoja uangalie chini. Jina la nani liko hapo?

Sasa, kwa wale mlioniuliza namna ya kulinda kazi. Mimi natumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, ikatoka 1996. Unafungua picha, unaongeza tabaka jipya, unaandika jina, unapunguza uzito wa tabaka mpaka kama asilimia 30, unahifadhi nakala na unaacha ile ya asili kwa diski. Usiweke konani kama mimi. Weka mahali penye vitu vingi, majani, mikunjo ya nguo, ambapo mtu akifuta pataonekana pameharibika. Ni ile akili ya Fabriano tu. Na usiweke alama ileile kabisa kwa kila picha. Mwaka wa 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba kompyuta ikipata picha nyingi zenye alama inayofanana inaweza kuikokotoa na kuiondoa yenyewe, lakini ukiipinda kidogo tofauti kila mara inapata shida. Taarifa za ndani ya faili pia jaza, ingawa WhatsApp inazifuta ukituma kama picha ya kawaida, kwa hivyo tuma kama dokumenti.

Sheria iko upande wako pia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda picha yako miaka 50, hata kama hujaisajili, na kuondoa taarifa za kielektroniki za mwenye haki ni kuvunja hiyo haki. Niliwaandikia wale wa bango nikitaja hayo. Walilipa kidogo. Haikutosha lenzi, ilitosha betri.

Nusu nikampelekea yule susu, maana kusema kweli sikuwahi hata kumuuliza kama naweza kuweka picha yake mtandaoni. Nilimwonyesha ile toleo jipya, jina langu limekaa katikati vizuri. Akavuta simu karibu na macho.

"Wee kivisi, hii maandishi iko kwa leso yangu inasema nini?"

Nikamwambia, "Ni jina langu, susu."

"Na kiondo ulisuka wewe?"

Nikakaa chini ya mwembe, nikafungua lile tabaka upya, nikamuuliza jina lake linaandikwaje. Amesema niliweke juu ya langu, na mtandaoni lisiende mpaka mtoto wake aliye Nairobi aone kwanza. Kwa hivyo leo hii post haina picha.