Kumfanya Mtu Atende: Historia ya Usababishi katika Kiingereza, na Deni la Mwalimu

Mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana aliyetoka chuo cha ualimu miaka michache tu nyuma, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili iliyokuwa na sentensi hii: "My grandfather made me to read every evening." Kijineno "to" nikakizungushia wino mwekundu, na alama nikakata. Kijana alisimama akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, katika Biblia ya babu wameandika hivyo hivyo." Babu yake alikuwa mwinjilisti, na Biblia yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya toleo la kale. Darasa likacheka. Nami, kwa ujana wangu, nikaona nimebishiwa. Nikampigisha magoti mbele ya wenzake hadi kipindi kikaisha.

Sasa nimestaafu, na nimepata wasaa wa kuisoma historia ya lugha niliyoifundisha kwa miaka mingi. Kusoma huko kumenithibitishia kwamba siku ile kijana alikuwa na ushahidi, ilhali mimi nilikuwa na kanuni tu. Ndiyo maana naandika.

Tuanzie mbali. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapotaka kusema kwamba mtu amemfanya mwingine atende, hatuhitaji kitenzi cha pili. Tunakinyambua kile kile: soma, somesha, cheka, chekesha, rudi, rudisha. Mwanafunzi wetu anapokutana na Kiingereza hushangaa kuona kwamba huko usababishi umetawanyika katika vitenzi vingi, na kila kimoja kina masharti yake. Baada ya "make", "let" na "have", kitenzi kinachofuata hukaa kitupu. Baada ya "get" na "cause", hudai "to". Na jambo likifanyiwa kitu badala ya mtu, husemwa "I had my shirt mended". Kwa nini lugha moja iwe na njia nyingi kiasi hicho?

Jibu ni kwamba Kiingereza nacho hapo zamani kilikuwa kikinyambua. Lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao ilikuwa na kinyambuaji "-jan", ambacho "j" yake ilitamkwa kama "y" ya neno yai. Kilipachikwa kwenye mzizi wa kitenzi, mara nyingi kwa irabu ile inayosikika katika wakati uliopita. Sauti hiyo ya "y" iliivuta irabu iliyoitangulia, ikaibadili, kisha yenyewe ikamezwa. Ndivyo kutokana na "sit", keti, kulivyopatikana "set", weka. Kutokana na "lie", lala, kukapatikana "lay", laza. Kutokana na "fall", anguka, kukapatikana "fell", angusha, neno ambalo wakata miti wanalitumia mpaka leo. Kutokana na "drink" kukapatikana "drench", maana yake ya asili ikiwa ni kunywesha. Waganga wa mifugo wa Kiingereza bado hulitumia kwa kumnywesha mnyama dawa, ingawa watu wengi hulijua kwa maana ya kulowesha.

Hapo nilipofika katika usomaji wangu niliweka kitabu chini. Kwani jambo hilo hilo si tunalo? Pona, ponya. Lewa, levya. Ogopa, ogofya. Hizo ni athari za kinyambuaji cha kale cha Kibantu, ambacho nacho kiliwagusa jirani zake na mara nyingine kikamezwa nao. Katika lala na laza, waka na washa, pita na pisha, "y" yenyewe haisikiki tena. Tunaona alama ya mguu wake tu, yaani konsonanti iliyobadilika. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ya pwani yetu na nyingine ya visiwa vya kaskazini, zilipita njia moja. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilibaki na kinyambuaji hai, "-isha" na "-esha", ambacho hata leo hupokea maneno mageni. Kiingereza kilikipoteza chake. Wasemaji wakaacha kusikia uhusiano wa "drink" na "drench", na jozi hizo zikawa maneno mawili mawili ya kukaririwa. Wanafunzi wetu wanapochanganya "lie" na "lay" wasidhani wako peke yao. Waingereza na Wamarekani huchanganya vile vile.

Penye pengo, lugha huziba. Kiingereza kiliajiri vitenzi visaidizi. "Let" ilikuwapo tangu kale, ikiwa na maana ya kuruhusu na pia ya kusababisha, kama ndugu yake wa Kijerumani "lassen" alivyo hadi leo. Ndiyo maana "let me know" haimaanishi "niruhusu nijue" bali "nijulishe". "Get" ililetwa na wasemaji wa lugha ya kale ya Skandinavia, kama ilivyoletwa "raise". "Cause" iliingia na Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mpaka sasa ina harufu ya mahakama na ofisi. "Make" ni mwenyeji aliyepandishwa cheo taratibu katika karne za kati.

Alikuwapo mtumishi mwingine ambaye wengi hawamdhanii: "do". Katika zama za Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, "do" iliweza kumaanisha kumfanya mtu atende. Mwaka 1953 mwanaisimu Alvar Ellegård alitoa hoja kwamba "do" ile inayowasumbua wanafunzi wetu katika maswali na ukanushi ilizaliwa humo. Ikisemwa kwamba bwana fulani "did build" kanisa, yaani alilijengesha, msikilizaji angeweza kuelewa tu kwamba alilijenga, na hapo "do" ikabaki bila maana yake. Wataalamu wengine wana maelezo tofauti, lakini kwetu hoja hiyo haina ugeni. Tunasema Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na hakuna anayemwona Sultani amebeba mawe kichwani. Nasi wenyewe husema "nimejenga" hali mikono iliyojenga ni ya fundi.

Sasa nirejee kwenye "to" yangu nyekundu. Katika Kiingereza cha karne ya 16 na ya 17, "make" ilikubali njia zote mbili, yenye "to" na isiyo na "to". Biblia ya King James, iliyotolewa mwaka 1611, inazo zote, na ile yenye "to" imo mahali pengi. Baadaye matumizi sanifu yalichagua njia tupu, lakini ya zamani haikufa yote. Ukiigeuza sentensi katika kauli ya kutendwa, "to" hurudi mlangoni: "I was made to read." Na "help" hadi leo inakubali njia zote mbili. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hakubuni kosa. Alisoma kwa babu yake Kiingereza cha karne nne zilizopita, akakileta darasani kwa uaminifu. Kwa mtihani wa siku zetu, ndiyo, ilikuwa lazima nimwelekeze kwamba njia hiyo imepitwa na wakati. Lakini kumwelekeza na kumdhalilisha ni mambo mawili.

Walimu wenzangu mnaoendelea kushika chaki, naomba mlitafakari hili. Kiswahili kina kitenzi onya. Ni ona, kikiwa na kile kinyambuaji cha kale nilichokitaja: kumwonya mtu, kwa asili yake, ni kumfanya aone. Siku ile sikumwonya kijana yule, kwa maana sikumwonyesha chochote; nilimnyamazisha. Angeileta Biblia ya babu yake, tungeifungua pamoja mezani, na darasa zima lingejifunza kwamba kanuni zina umri, huzaliwa na huzeeka.

Sijui yuko wapi leo. Ila kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba alama ile moja niliyomkata nimeirudisha, ingawa nimechelewa, na kwamba aliyepaswa kufanywa aone siku ile alikuwa mwalimu wake.