Sotik 1905: Adhabu Iliyojiita Ukombozi

Juni 1905 Meja Richard Pope-Hennessy aliongoza askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Uingereza, dhidi ya Wakipsigis wa Sotik, katika eneo ambalo leo ni Bomet. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiutu: watu wa Sotik walikuwa wamewavamia Wamaasai, wakachukua ng'ombe, wanawake na watoto, na walipoamriwa kuwarejesha wakakataa. Katika madai ya Wakipsigis, waliouawa ni 1,850, wanawake na watoto wakiwemo.

Kawaida ya wanafalsafa wa vita ni kuuliza kama vifo hivyo vililingana na lengo. Nadhani hapo ndipo tunapopotea. Kanuni ya uwiano humhusu raia anayeuawa ilhali shabaha ni mpiganaji. Sotik, shabaha ilikuwa jamii yenyewe. Charles Callwell, ambaye kitabu chake Small Wars cha 1896 kilisomwa sana na maofisa wa Kiingereza, alifundisha kwamba adui asiye na mji mkuu wala jeshi la kudumu apigwe kwenye mali yake: mifugo itwaliwe, vijiji vichomwe. Sasa utekeleze ushauri huo kwenye boma la mfugaji. Ng'ombe hulala nyumbani, na wenye kuwakama na kuwachunga ni akina mama na watoto. Anayelivamia boma ili aswage mifugo hawezi kudai kwamba risasi ilimpata mama kwa bahati mbaya. Na mateka waliokuja kukombolewa walikuwa wakiishi miongoni mwa watu hao hao waliomiminiwa risasi.

Hilo haliwasafishi watu wa Sotik waliowavamia Wamaasai. Inasemwa kwamba mateka waliingizwa katika koo za Kipsigis wakawa ndugu. Sawa, lakini nani aliwauliza?

Wengine watasema tunawahukumu watu wa 1905 kwa Mikataba ya Geneva ya 1949. La. Kanuni za The Hague za 1899, ambazo Uingereza iliziridhia, zilikwisha kukataza kuwaadhibu wakazi wote wa eneo lililokaliwa kwa makosa ya wachache. Ila ziliyabana mataifa yaliyotia saini tu, yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Mwongozo wa sheria za kijeshi wa Uingereza wa 1914 haukuficha kitu: kanuni za vita hazihusu makabila yasiyostaarabika. Ubaya wa adhabu ya jumla ulijulikana. Kilichobaguliwa ni nani akingwe nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi ya Wakipsigis huko Kericho iligawiwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, walime kitani. Mradi ulipoanguka ikaja Brooke Bond na chai yake. Ndiyo maana madai ya Wakipsigis na ukoo wa Talai yaliyofikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022 yameelemea kwenye ardhi, na ni haki yao. Lakini mauaji ya Sotik yanastahili dai linalojitegemea, ambalo lingebaki hata kama hakuna ekari moja iliyochukuliwa: Uingereza itamke kama waliokufa walikuwa wapiganaji au raia, na kama walikuwa raia, ni nani aliyeamuru wapigwe.