Miradi ya Pamoja Mtandaoni na Faida Zake kwa Shule Zetu

Mradi wa pamoja mtandaoni ni kazi ya masomo inayofanywa na madarasa ya shule zilizo mbalimbali: kila darasa huchunguza jambo katika mazingira yake, huwatumia wenzake matokeo, kisha wote huyalinganisha. Mwaka 1988 mtandao wa iEARN ulianza kwa kuunganisha shule 12 za Moscow na 12 za jimbo la New York, wakati Marekani na Umoja wa Kisovyeti zingali zikitazamana kwa uhasama. Mpango wa GLOBE, ulioasisiwa Marekani mwaka 1994, huwashirikisha wanafunzi katika kupima hali ya hewa, maji na udongo. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi washiriki.

Faida ya kwanza ni malezi ya ukweli. Katika GLOBE, kipimamvua husomwa kila siku karibu na saa sita mchana. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Siku ambayo hakuna aliyepima huandikwa kwamba haikupimwa. Anayebuni tarakimu huharibu kazi ya wenzake wote. Tofauti hiyo ndogo kati ya sifuri na pengo ni somo la uaminifu ambalo mtihani haulifundishi kwa urahisi.

Faida ya pili ni kuthamini mahali petu. Mtoto wa Lupiro aliyezaliwa kati ya mpunga, mvua na mbu ana jambo la kuwafundisha wengine. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi ya mwaka 1957, wamewachunguza mbu wa malaria hapa hapa Lupiro kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayeandika ni madimbwi yapi yana viluwiluwi huanza kuelewa kazi hiyo, na huweza kuieleza nyumbani.

Faida ya tatu ni ujirani. Mto Kilombero ukikutana na Luwegu huzaa Rufiji. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwatoa watu makwao huko Rufiji na Kibiti. Darasa la Lupiro likibadilishana vipimo vya mvua na darasa la Utete, watoto wa huku wataona kwamba maji yanayopita kwetu yanafika mlangoni pa mwingine. Ndivyo jirani wa Injili anavyopata sura na makazi.

Wapo wazazi wanaohofia simu na gharama ya vifurushi, na hofu yao ina msingi. Lakini kazi kubwa hufanyika uwanjani na katika daftari. Simu moja, ikiwa mikononi mwa mwalimu, yatosha kutuma tarakimu mara moja kwa juma. Majina na picha za watoto hazihitajiki. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani juu ya malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Hivyo mkutano wa wazazi uelezwe mapema shule rafiki ni ipi, nini kinatumwa na nani anakisimamia.

Tunazialika kamati za shule zianze na kipimamvua kimoja, daftari moja na zamu ya wanafunzi wawili kila siku. Shule isiyo na mtandao leo nayo ianze kuandika, kwa maana kumbukumbu za msimu mzima zitakuwa zawadi tayari siku itakapompata mwenzi.