Mafusho ya Mzazi na Siku Arobaini katika Nchi za Pwani

Mtu akitaka kujua jinsi wazee wa pwani walivyomtunza mwanamke aliyejifungua, na aanze kwa maneno yenyewe. Mwanamke huyo huitwa mzazi, na zaidi katika zile siku arobaini za kukaa ndani. Majani yachemshwayo ili ajifukize huitwa mafusho, na asili yake ni fuka, yaani kutoa moshi au mvuke. Lugha haikutenga vitu hivi viwili: ubani uliotiwa katika chetezo na majani yatokotayo chunguni, yote ni kufukiza. Walakini kwa desturi ni kazi mbalimbali. Moshi wa ubani na udi ni wa chumba na nguo, vipate harufu njema. Mvuke wa chungu ni dawa.

Dawa hiyo ilifanywa hivi. Mkunga, au mama wa mzazi, huchemsha majani katika chungu, ambacho wengine hukiita nyungu, kisha hukiepua na kukiweka chini. Mzazi huketi kigodani, akafunikwa gubigubi kwa shuka au blanketi pamoja na chungu, na kifuniko kikafunuliwa kidogo kidogo mpaka jasho limtoke. Majani si mamoja kila mahali: kivumbasha, mrehani, mchaichai, mlimau, na katika siku za baadaye mwarobaini na mkaratusi. Miti hii miwili ya mwisho ni migeni. Wa kwanza ulitoka Bara Hindi, na wa pili Australia. Basi asemaye kwamba dawa hii haikubadilika tangu enzi za mababu hasemi kweli. (Na jina la mwarobaini halihusu siku za uzazi, bali maradhi arobaini ambayo watu husema mti huo huyaponya.) Wala mafusho hayakuwa ya wazazi peke yao, wenye homa na mafua walifukizwa vile vile, na mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, watu wengi wa Tanzania, waume kwa wake, walipiga nyungu.

Kwa mzazi sababu iliyotolewa ni baridi. Husemwa kwamba mwili wake umefunguka na baridi imeingia, na kwamba damu mbaya yaweza kuganda tumboni. Ndiyo maana akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wenye pilipili manga, na tumbo likafungwa mkaja.

Mkaja huo wastahili maneno zaidi. Ni nguo ya kufunga tumbo baada ya kuzaa. Lakini pia ni jina la zawadi ya arusi, apewayo mama wa bibi arusi. Pamoja nayo hutajwa ubeleko, yaani nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Twaona basi kwamba mume mtarajiwa alitakiwa kumlipa mkwewe kwa ajili ya tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba, miaka mingi nyuma, alipozaliwa yule anayeolewa. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba taabu ya uzazi ilihesabiwa kuwa kazi yenye haki yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaweka mambo ya uzazi mwanzoni kabisa.

Na hesabu ya arobaini? Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, nifasi kwa kawaida ni siku 40, na mwisho wake ni 60. Katika Torati, Mambo ya Walawi mlango wa 12, aliyezaa mtoto mwanamume hutimiza siku 7 na 33, jumla 40. Aliyezaa mwanamke, siku 80. Hivyo ni hukumu za utohara. Lakini nyumbani zilizaa jambo lingine: mzazi hakutwanga, hakuteka maji, wala hakwenda shamba. Kwa hukumu yangu, nguvu nyingi zilizosifiwa kuwa ni za mafusho zilikuwa za mapumziko hayo, na za wanawake waliompikia.

Kwa maana mvuke una kasoro moja kubwa: haujui homa kwa homa. J. L. Krapf, mmisionari aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882, alifiwa na mkewe Rosina huko Mombasa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Homa iliyomwua ni ya malaria. Ipo na homa nyingine, ya kidonda cha uzazi, iletwayo na uchafu wa mikono na vyombo. Semmelweis aliionyesha huko Vienna mwaka 1847, alipowaagiza waganga wanawe mikono kwa maji ya dawa, na vifo vikapungua sana. Mzazi akitetemeka kwa mojawapo ya hizi, walio karibu naye walisema ni baridi, wakaongeza kuni. Jasho likimtoka, mwili hupoa kidogo, nao hudhani amepona, kumbe ugonjwa u pale pale.

Dawa iliyoweza kuishinda hiyo ya pili ilipatikana mwaka 1935, nayo ni jamii ya salfa. Leonard Colebrook akaithibitisha kwa wazazi wa London mwaka 1936, na penisilini ikafuata. Lakini dawa hizo hukaa hospitali na zahanati, na mzazi wa desturi hukaa ndani. Homa ya uzazi huanza mara nyingi katika siku kumi za kwanza, wakati ambapo mlango ungali umefungwa, na anayeingia na kutoka ni mkunga mwenye chungu chake.